Safu ya Lakini

Usiitafute Jamhuri ya Maridhia kwenye ramani. Wachora ramani waliwahi kuiandikia serikali yake barua wakiuliza mipaka inapita wapi, wakajibiwa kwamba mipaka yote haijambo na inawasalimu. Wakakuna vichwa, wakaiacha. Ni nchi nzuri, hilo liwe wazi tangu mwanzo, na watu wake wana adabu iliyopita kiasi. Ukimuuliza Mmaridhia habari, atakujibu nzuri hata kama paa la nyumba yake linawaka moto nyuma ya mgongo wake. Atasema nzuri kwanza, atavuta pumzi, ndipo aongeze: lakini nyumba inaungua. Nzuri, lakini mama tumemzika jana. Nzuri, lakini mguu umevunjika. Habari yenyewe hukaa nyuma ya lakini, kama mgeni mwenye haya anayengoja kukaribishwa, na kila mtu huko analijua hilo kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuona haja ya kuliandika popote.

Mwatumu Sengondo naye alilijua. Alikuwa mtakwimu wa serikali, mwanamke wa miaka thelathini na minne asiyeweza kutulia. Akiketi, mguu wake wa kushoto ulitikisika chini ya meza mpaka chai ya jirani ikamwagika. Akisimama, alihesabu vigae vya sakafu, akimaliza alivihesabu tena kutokea upande wa pili. Wenzake ofisini walimwita Cherehani. Siku aliyoitwa na Mheshimiwa Shebughe, Waziri wa Afya na Shangwe, alipanda ngazi za wizara mbili mbili, akafika juu akiwa na hesabu yake: sabini na sita.

"Bi. Mwatumu, habari za kazi?"

"Nzuri, Mheshimiwa, lakini…"

"Vizuri sana," alisema Waziri. Viongozi wa Maridhia huondoka kwenye maamkizi kabla lakini haijafika. Ndiyo maana huitwa watu wenye shughuli nyingi. "Nina unga."

Unga wenyewe ulikuwa umejaza bohari nne. Uliitwa Angavu, ulikuwa wa rangi ya waridi na ulinukia biskuti. Ukiukoroga kwenye ndoo ya maji, karatasi yake ilidai, maji hayo hayatamuumiza mtoto tumbo tena. Ulikuwa umeshazinduliwa mara tatu: mara ya pili kwa sababu ya kwanza iliharibiwa na mvua, na mara ya tatu kwa sababu Waziri aliipenda sana ile ya pili. Kilichokuwa kimebaki ni kitu kidogo tu, nacho ni kujua kama unafanya kazi.

"Nataka jaribio la kisayansi litakalothibitisha," alisema Waziri.

"Jaribio halithibitishi, Mheshimiwa. Linauliza."

"Basi liulize kwa adabu. Unaziona zile mashine?"

Mwatumu alichungulia dirishani. Nyuma ya wizara ziliegeshwa mashine nne za kuchimba visima, mpya, zikingoja kupelekwa kwenye vijiji kumi na viwili vya Bonde la Mkanya, ambako watu na ng'ombe walikunywa maji ya lambo moja.

"Angavu ikifaulu, visima vya nini?" Waziri aliuliza, meno nje. "Mashine zitakwenda kutafuta maji ya nyasi za uwanja mpya wa mpira. Nyasi zile zinateseka."

Mguu wa Mwatumu ulianza kutikisika. Kimoja cha vijiji hivyo kilikuwa Kisasike, alikozaliwa, na alikoishi dada yake Sikudhani pamoja na bintiye Tausi mwenye miezi kumi na minne. Mwaka uliopita Tausi alikuwa na kaka.

"Nipe ruhusa nifanye jaribio la kweli, Mheshimiwa," alisema haraka haraka. "Vijiji sita vipewe unga, sita visipewe. Tuhesabu watoto wagonjwa kwenye vyote kumi na viwili, kabla na baada, siku zilezile, kwa swali lilelile. Wakipungua kule kulikopewa tu, unga unafaa. Wakipungua kote, basi ni majira tu yamebadilika, unga hauna sifa yoyote."

"Na hivyo sita visivyopewa vina kosa gani?"

"Havina kosa. Ni kundi la kulinganishia. Bila hivyo hatutajua kitu."

"Nani atavichagua?"

"Hakuna. Tutapiga kura. Tukichagua kwa macho tutapeleka unga kwenye vijiji vya kando ya lami, vyenye zahanati, halafu unga usifiwe kwa kazi ya zahanati."

Waziri alitafakari. Neno kura alilipenda. Huko Maridhia halijawahi kumwangusha mtu. "Sawa," alisema. "Mradi iwe kura yenye heshima."

* * *

Kura ilipigwa uwanjani mbele ya bendi, kwa chungu kipya na karatasi kumi na mbili. Sita za kwanza kutoka zingepewa unga, sita za mwisho zisipewe. Kisasike kilitoka cha tatu, kikaingia kwenye unga. Halafu ikafika karatasi ya tisa, na bendi ikanyamaza yenyewe. Ilikuwa Mwendapole, kijiji alikozaliwa Waziri. Kilikuwa kimeangukia kwa wasiopewa.

Katibu wa Waziri akasogea na kunong'ona kwamba kura irudiwe mpaka itoke sahihi. Halikuwa jambo geni. Kuna uchaguzi mdogo uliwahi kurudiwa mara tisa kwa ajili ya usahihi. Mwatumu alijua kwamba chungu kikitikiswa mara ya pili jaribio limekufa, maana kura inayorudiwa mpaka ipendeze ni uteuzi tu uliovaa kanzu. Akapiga hatua mbele.

"Hongera, Mheshimiwa. Mwendapole imekuwa kipimo. Wengine wote watapimwa kwa kulinganishwa na kwenu."

Waziri akanyoosha mgongo. Alikuwa amewahi kuwa mlezi, mgeni rasmi, mshenga wa taifa na mwenyekiti wa mambo mengi, lakini hakuwahi kuwa kipimo. Akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kura imesema. Papo hapo vijiji vya unga vikaanza kunung'unika, kwa nini wao wasiwe kipimo, na wazee wawili wakabeba mifuko yao ya Angavu wakitaka kuirudisha. Vile vijiji sita vingine vilikuwa vimeshaunda kamati, vikachagua mwenyekiti, na kabla ya jua kufika utosini vilikuwa na fulana za njano zilizoandikwa KIPIMO kifuani. Mwatumu aliziacha. Fulana haimponyi mtu tumbo wala haimwumizi, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa salama. Alirudi mjini akiimba garini, na dereva akashangaa.

* * *

Fomu yake ilikuwa na swali moja: Katika siku kumi na nne zilizopita, ni watoto wangapi wa nyumba hii wameharisha? Swali fupi, la kujibiwa kwa tarakimu. Tatizo ni kwamba kila karatasi ya serikali ya Maridhia lazima ipite kwenye Kamati ya Staha, na mwenyekiti wake, Mzee Lupindo, alikuwa mtu wa kuvaa glavu anaposoma.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwatumu.

"Marahaba. Binti, neno hili." Aligusa neno la mwisho kwa ncha ya penseli, kisha akaifuta penseli. "Serikali ilitamke kwa sauti, mlangoni kwa mama wa watu?"

"Mama wa watu ndiye anayelifua, mzee."

"Analifua, halitamki. Kuna tofauti." Akakata swali lote kwa mstari mmoja ulionyooka na juu yake akaandika kwa mwandiko mzuri ajabu: Habari za watoto? Chini akachora visanduku vitatu. Nzuri. Nzuri sana. Nzuri kupita kiasi.

Mwatumu alizunguka chumba kile mara nne. Akarudi mezani. "Mzee, nakuomba safu moja tu pembeni. Safu ya lakini. Karani akishajibiwa nzuri, angoje, aandike kinachofuata."

"Ukiwawekea watu safu ya lakini, wataijaza."

"Ndicho ninachokitaka."

"Ndicho tunachokizuia," alisema Mzee Lupindo kwa upole, na akamsogezea kalamu ya kutia saini.

Nje magari yalikuwa yananguruma, makarani ishirini na wanne wameshapanda, mikoba mapajani. Wakichelewa wiki moja mvua zingeanza na ule usawa wa kabla na baada ungevurugika. Mwatumu alijiambia kwamba makarani wale ni watu wa hukohuko, kwamba watangoja lakini kwa mazoea, watamnong'oneza watakaporudi. Alijua anajidanganya. Alilijua wazi, kama unavyojua umeacha moto jikoni. Mkono wake ukatia saini.

* * *

Fomu za kabla ya unga zilirudi: nzuri, mia kwa mia, pande zote mbili. Fomu za baada ya wiki nane zikarudi: nzuri, mia kwa mia, pande zote mbili, isipokuwa Mwendapole ambako watoto walikuwa wazuri kupita kiasi. Mwatumu alizipekua mpaka vidole vikachubuka. Hakukuwa na mtoto mmoja mgonjwa katika bonde zima. Kwa mujibu wa karatasi zile, hakukuwa hata na mtoto aliyepiga chafya.

Akamfuata Mwalimu Kahema, karani mkongwe kuliko wote, mstaafu aliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini.

"Mwalimu, hukungoja hata kidogo?"

"Nyumba arobaini kwa siku, mwanangu," alisema Mwalimu Kahema akitazama viatu vyake. "Nikitia alama hapa, mguu umeshaelekea nyumba ya pili. Lakini zenyewe nilizisikia. Zilinifuata mgongoni kijiji kizima."

Waziri aliyapokea matokeo kwa furaha isiyo na mfano. "Umeelewa maana yake, Bi. Mwatumu? Waliopewa wamepona. Na wasiopewa nao wamepona. Unga huu unamponya hata asiyeunywa!"

"Mheshimiwa, maana yake hatukuuliza kitu."

"Wamepona kwa kuusikia tu," Waziri aliendelea, macho yakimeremeta. "Wazungu wana dawa ya hivyo? Hawana. Jumamosi wiki ijayo, Ukumbi wa Pongezi, redioni moja kwa moja. Utatia saini mbele ya taifa na mashine zitaondoka siku hiyohiyo kwenda uwanjani."

Saini yake ilihitajika kweli. Sheria ya Maridhia inasema ripoti isiyo na saini ya mtakwimu ni barua ya kawaida, na barua za kawaida huko hazijibiwi.

* * *

Mwatumu aliomba likizo ya siku sita. Alinunua daftari, akapiga mstari katikati ya kila ukurasa, na juu ya upande wa kulia akaandika Lakini. Akakodi pikipiki. Vijiji viwili kwa siku, nyumba kumi kila kijiji. Hizo nyumba kumi alizipata kwa kuokota namba mfukoni bila kutazama, ili asishawishike kwenda palipo na kilio wala kukimbia palipo na kilio.

Kwa kila nyumba alisalimia, akauliza habari za watoto, akajibiwa nzuri. Halafu alifanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya maishani. Aliketi, akalishika goti lake la kushoto kwa mikono miwili, akanyamaza. Alisikia kuku wakiparua. Alisikia damu yake ikikimbia masikioni. Mwenye nyumba naye alinyamaza, akamtazama, akatazama mlango, na mwishowe lakini ikatoka. Baada ya hiyo ya kwanza, nyingine hazikuhitaji kusubiriwa.

Kisasike alifika siku ya nne, kikiwa kijiji cha pili cha siku hiyo. Namba mfukoni hazikumpa nyumba ya dada yake, akamaliza kumi zake kwanza kama alivyopanga, ndipo akaenda.

"Hodi. Shikamoo, dada. Habari za watoto?"

"Marahaba, mdogo wangu. Nzuri," alisema Sikudhani mlangoni.

Mwatumu akangoja. Dada yake akampisha aingie. Tausi alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yamezama, midomo imekauka, na pembeni palikuwa na bakuli la maji ya chumvi na sukari na kijiko. Maji yalikuwa ya rangi ya waridi. Nyumba ile ilinukia biskuti.

"Makarani walipita hapa?"

"Walipita."

"Ukawaambia nini?"

"Waliniuliza habari za watoto, nikasema nzuri. Ulitaka niwajibuje watu wa serikali wamesimama mlangoni kwangu? Nikavuta pumzi nimalizie. Wakaniambia ahsante." Sikudhani alitazama kando. "Siku hiyo Tausi alikuwa na siku ya tatu ya kuumwa."

"Ile fomu, dada. Mimi ndiye niliyeitia saini."

Sikudhani aliinua sufuria. Hakupandisha sauti. "Basi shika kijiko," alisema, "mimi nikachemshe maji mengine."

Mwatumu alishika kijiko alasiri yote ile. Kijiko kimoja, kungoja, kijiko kingine. Alilia, wala hakujificha. Aliona aibu kuliko aibu yoyote aliyowahi kuiona, na hasira nayo ilikuwemo humohumo, na vyote viwili havikuuzuia mkono wake. Jua lilipokuwa linashuka Tausi alikojoa, maana yake maji yalikuwa yamekaa mwilini, na dada wawili wakacheka kwa ajili ya mkojo ule kana kwamba wamepewa zawadi ya arusi.

Siku ya sita alijumlisha. Kwenye vijiji vya unga, watoto wanne katika kila kumi walikuwa wameharisha. Kwenye vijiji vya fulana za njano, wanne katika kila kumi. Katika bonde zima tofauti ilikuwa mtoto mmoja, na mtoto mmoja si tofauti, ni mtoto. Angavu ilikuwa haina inalofanya zaidi ya kunukia.

* * *

Ukumbi wa Pongezi ulipambwa kwa vitambaa vya waridi. Mtu wa itifaki alimrudisha Mwatumu mara tano kwenye mazoezi. Waziri atamuuliza habari za utafiti, atajibu nzuri sana Mheshimiwa, ngoma italia, Waziri atasema tunamshukuru Mungu, naye atatia saini. Je, kama ana la kuongeza? Mwatumu aliuliza. Mtu wa itifaki alicheka, akamwonyesha mpiga ngoma. Ngoma ilipangwa kupigwa juu ya neno nzuri lenyewe. Hapakuwa na upenyo wa kupitisha hata pumzi.

Kwa siku mbili Mwatumu alikuwa amefanya mazoezi chumbani ya kulibana neno lile, nzuri na lakini kwa mkupuo mmoja, haraka kuliko mkono wa mpiga ngoma. Haikuwezekana. Sasa, amesimama jukwaani na daftari kwapani, mguu wake wa kushoto ukapiga mbao kwa kishindo ambacho redio ilikinasa, na nchi nzima ikadhani ni ngoma inajaribiwa.

"Bi. Mwatumu," Waziri alisema kwa sauti yake ya redioni, "habari za utafiti?"

Mguu ukatulia.

"Mbaya," alisema Mwatumu.

"Tunamshukuru Mungu," alisema Waziri, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umeshaondoka. Mpiga ngoma alibaki na mkono hewani akingoja neno ambalo halikuja. Ukumbi mzima ulitazama karatasi za ratiba. Katika kimya hicho, ambacho itifaki haikukipangia mtu, Mwatumu alifungua daftari na kusoma. Wanne katika kumi waliokunywa unga wanaharisha. Wanne katika kumi wasiokunywa wanaharisha. Unga haufanyi kitu. Tulipowauliza mwanzo hatukungoja wamalize, na kosa hilo ni langu, saini yangu ipo. Mzee Lupindo, mstari wa mbele, alilisikia lile neno likitoka mara mbili kwenye spika kubwa na akaanza kupapasa mifuko akitafuta glavu.

Yote hayo hayakufika dakika moja. Kisha mtu akampiga teke mpiga ngoma, ngoma ikalia, na kalamu ya saini ikabaki mezani na kifuniko chake.

* * *

Siku iliyofuata gazeti la serikali lilitoa ufafanuzi kwamba mbaya ni aina mojawapo ya nzuri, inayotumika vijijini. Mwatumu alihamishiwa kituo cha kupima mvua mpakani, mahali ambapo mvua ilionekana mara ya mwisho na babu wa mkuu wa kituo. Kwa kuwa ripoti ilikosa saini, ikawa barua ya kawaida. Mashine hazikuweza kwenda uwanjani, wala hakuna aliyethubutu kuzipeleka bondeni. Ziliwashwa kila asubuhi nyuma ya wizara zisije zikashika kutu, zikanguruma nusu saa, zikazimwa. Wizara ikatangaza kwamba atatafutwa mtakwimu mwenye adabu, na wakati anatafutwa makarani warudi Bonde la Mkanya na fomu ileile.

Ndivyo Mwalimu Kahema alivyojikuta tena Kisasike, jua la saa nne, mlangoni kwa Sikudhani. Ndani redio ilikuwa inaimba. Tausi alikuwa amesimama, ameshikilia kanga ya mama yake kwa mikono miwili, miguu myembamba ikitetemeka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za watoto?" Kalamu ilikuwa imeshagusa kisanduku cha kwanza, na mguu wake mmoja umeshageuka.

"Mbaya," alisema Sikudhani.

Kalamu ikasimama. Mwalimu Kahema aliitazama fomu juu, akaitazama chini. Nzuri, nzuri sana, nzuri kupita kiasi. Alikuwa na nyumba thelathini na nane mbele yake. Nyumba ya pili mwanamke alikuwa ameacha kutwanga, mchi mkononi, anasikiliza.

Mzee yule aliurudisha mguu wake. Akakohoa. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yake wala kwenye karatasi yoyote ya serikali ile.

"Mbaya vipi, mama?"

Sikudhani akamsogezea kigoda. Mwalimu Kahema akaketi, akaigeuza fomu upande wa nyuma ambako hakuna kitu kilichoandikwa, akaanza kuandika kwa mwandiko wake mkubwa wa darasa la kwanza. Sikudhani alianzia mwaka uliopita, akaanza na jina la kaka yake Tausi. Nyumba ya pili, mwanamke aliweka mchi chini, akaingia ndani, akatoka na kigoda.